Gemu uliyoilipia ifunguke bila programu ya duka: namna ya kuipima, kuipakua na kuitunza

Tarehe 1 Januari 2024 Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, iliacha rasmi kuhudumia Windows 7, 8 na 8.1. Mwenye kompyuta ya zamani alibaki na gemu zake zote kwenye diski, hakuna faili lililopungua, ila programu ya kuzifungulia ndiyo iliyofika mwisho. Kabla ya hapo, Mei 2022, Bethesda, wachapishaji wa gemu, waliifunga programu yao ya duka na kuwahamishia wateja Steam. Programu za maduka huzaliwa na kufa kwa sababu za kibiashara, na gemu uliyoilipia haipaswi kufa nazo.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Kompyuta nyingi tunazotumia ni za mtumba, bando hukata katikati ya kazi, na programu ya duka ikishawaka huanza kujisasisha yenyewe, kisha kusasisha gemu, na kumeza megabaiti ambazo hukuziomba. Kuna anayepakua gemu ofisini au chuoni na kuibeba nyumbani kusiko na intaneti kabisa. Huyo ndiye ninayemwandikia kwanza.

Mwongozo huu ni wa gemu ulizonunua mwenyewe na utakazocheza mwenyewe. Sitaeleza namna ya kuvunja kufuli za kidijitali, wala sishauri kuchukua faili zilizovunjwa na watu usiowajua. Hizo ni njia ya wazi ya kuingiza virusi. Hakuna haja nazo pia, maana gemu zisizo na kufuli ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 1: Pima gemu ulizonazo

Gemu zinazouzwa mtandaoni ziko za aina tatu. Kuna isiyo na kufuli lolote: unabofya faili lake na inaanza, hata kama programu ya duka haijawahi kuwekwa kwenye kompyuta hiyo. Kuna inayokubali kuanza pale tu programu ya duka inapokuwa imewaka na kuthibitisha kwamba akaunti ni yako. Na kuna yenye ulinzi wa ziada kutoka kwa mchapishaji, kama vile Denuvo, au inayodai programu ya pili kama Ubisoft Connect, EA App au Rockstar Games Launcher, au inayotaka seva kila dakika.

Wengi huamini kwamba kila gemu ya Steam ni ya aina ya pili. Si kweli. Valve, wenye Steam, hawamlazimishi mtengenezaji kuweka kufuli, anaamua mwenyewe. Baldur's Gate 3 ya Larian, moja ya gemu kubwa za mwaka 2023, ukiinunua Steam unaweza kuingia kwenye folda yake, kufungua folda ya "bin", kubofya bg3.exe na kucheza Steam ikiwa imezimwa. Hakuna aliyekuambia, kwa sababu kitufe cha kijani cha "Play" hakikuachii nafasi ya kugundua.

Kipimo chenyewe ni hiki:

1. Ndani ya Steam, bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Manage", kisha "Browse local files". Folda ya gemu itafunguka. Kwa kawaida iko hapa: `C:\Program Files (x86)\Steam\steamapps\common`
2. Funga Steam kabisa kupitia menyu ya "Steam" na "Exit". Kubofya alama ya X hakutoshi, kwani programu hubaki imejificha pembeni mwa saa. Fungua Task Manager uhakikishe steam.exe haimo.
3. Zima Wi-Fi au chomoa waya wa mtandao.
4. Rudi kwenye folda ya gemu ubofye faili lake la .exe.

Hapo kwenye namba 4 ndipo watu hukwama, kwa sababu folda huwa na .exe zaidi ya moja. Unity na Unreal ni programu za kutengenezea gemu. Gemu iliyotengenezwa kwa Unity utaitambua kwa UnityPlayer.dll na folda inayoishia na _Data. Faili la kubofya lina jina lile lile la folda hiyo bila _Data. Gemu ya Unreal huweka .exe ndogo juu kabisa, lakini yenyewe hasa imefichwa ndani ya Binaries\Win64 na jina lake huishia na -Win64-Shipping.exe. Usibofye zenye majina kama CrashHandler au UnityCrashHandler64. Hizo ni za kuripoti hitilafu.

Gemu ikifunguka, ni dalili nzuri, lakini bado haijamaliza mtihani. Steam ikijiwasha yenyewe, au ukiona ujumbe wa "Application load error", hiyo imefungwa na Steam. Iliyofunguka, inakili folda yake yote kwenye diski ya nje, ipeleke kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa na Steam, uijaribu tena bila mtandao. Gemu nyingine hufunguka kwako kwa sababu tu zinaokota faili au mipangilio iliyoachwa na Steam mahali pengine kwenye Windows. Ikicheza kwenye kompyuta ya pili, itunze.

Hatua ya 2: GOG, na visakinishi unavyobaki navyo

Ukitaka njia isiyo na kubahatisha, nunua GOG. Duka hili lilianzishwa Poland na CD Projekt mwaka 2008 kwa kuuza gemu za zamani, na msimamo wake tangu siku ya kwanza ni kuuza bila kufuli. Wana programu yao iitwayo GOG Galaxy, lakini ni ya hiari. Msimamo huo haukuwazuia kupata wateja: The Witcher 3, gemu ya CD Projekt RED iliyotoka 2015 na kuuzwa GOG bila kufuli tangu siku hiyo, imeshapita nakala milioni 50 kwa maduka yote. Nalitaja hili kwa sababu wachapishaji hupenda kusema kwamba bila kufuli hawawezi kuishi.

Ingia kwenye tovuti yao kwa kivinjari cha kawaida, fungua maktaba yako, bofya picha ya gemu, utafute sehemu iliyoandikwa "Download offline backup game installers". Chagua mfumo wa kompyuta na lugha. Utapata faili moja linaloanza na setup_ na kuishia na .exe; gemu ikiwa kubwa, utakuta pia faili za .bin zilizokatwa vipande visivyozidi GB 4.

Pakua vyote na uviweke kwenye folda moja. Kipande kimoja kikikosekana, kisakinishi kitafika katikati na kusimama kikidai diski inayofuata, na ukiwa nyumbani kusiko na mtandao, safari imeishia hapo. Kabla ya kuondoka kwenye Wi-Fi ya bure, linganisha ukubwa wa kila faili na ule ulioonyeshwa kwenye ukurasa, kisha hesabu vipande.

Upakuaji wa kivinjari ukikatika huweza kuharibu faili zima bila kukuambia. Mtumiaji wa Linux ana suluhisho zuri sana, programu huria ya lgogdownloader. Inaendelea pale ilipokatikia na kulinganisha kila faili na alama ya utambulisho iliyotolewa na GOG wenyewe:

`lgogdownloader --download --game stardew_valley`

Kusakinisha ni kubofya setup_ na kufuata maelekezo. Hakuna akaunti inayoulizwa. Gemu zenye toleo la Linux huja na faili la .sh, ambalo unalipa ruhusa kwa `chmod +x` kisha unaliendesha. Na kama kisakinishi cha Windows kinakataa kwenye Linux, innoextract hufungua yaliyomo bila kusakinisha chochote:

`innoextract --gog setup_jina_la_gemu.exe`

Baada ya hapo unaiwasha kwa Wine au Lutris, programu za kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux.

Kwa gemu za miaka ya 1980 na 1990 kuna faida nyingine ambayo naipenda kuliko zote. GOG huziuza zikiwa zimefungashwa pamoja na DOSBox au ScummVM, programu huria zinazoiga kompyuta na mifumo ya wakati ule. Ukishazisakinisha, chukua faili za gemu zenyewe uzipe DOSBox au ScummVM yako popote ilipo. ScummVM ina toleo la Android, kwa hiyo gemu ya kuonyesha na kubofya uliyoinunua kwa dola chache inachezeka kwenye simu ya kawaida, bila duka lolote kujua. Hata Windows ikibadilika vipi, faili hizo zitaendelea kusomeka.

Tahadhari mbili. Visakinishi haviji na masasisho ya baadaye; gemu ikirekebishwa, kisakinishi kipya hutokea kwenye ukurasa wako na unakipakua upya. Usifute cha zamani mpaka kipya kimejaribiwa. Na sehemu za kucheza na watu wengine mtandaoni mara nyingi bado zinategemea Galaxy, hata kama sehemu ya kucheza peke yako iko huru.

Hatua ya 3: Kupakua kutoka Steam bila kufungua Steam

Valve wenyewe hutoa chombo kidogo kiitwacho SteamCMD. Hakina madirisha, matangazo wala kurasa za duka. Ni dirisha la amri tu. Kilitengenezwa hasa kwa ajili ya wanaoendesha seva za gemu, lakini hupakua pia gemu ulizonunua ukiingia kwa akaunti yako. Kwenye kompyuta dhaifu ambayo Steam kamili huifanya isote, tofauti utaiona mara moja.

Kwanza tafuta namba ya gemu. Fungua ukurasa wake dukani: namba iliyoko baada ya /app/ kwenye anwani ndiyo hiyo. Halafu washa SteamCMD uandike mstari kwa mstari:

`force_install_dir D:\gemu\jina`
`login jina_lako`
`app_update NAMBA validate`
`quit`

Mstari wa kwanza lazima utangulie kuingia, la sivyo faili zitakwenda usikokutaka. Utaulizwa neno la siri na msimbo wa Steam Guard, ulinzi wa ziada wa akaunti yako. Neno "validate" hufanya kila faili likaguliwe na lililoharibika lipakuliwe upya. Ni zuri sana pale umeme ulipokatika katikati. Aliye kwenye Linux na anataka toleo la Windows aanze na mstari huu:

`@sSteamCmdForcePlatformType windows`

SteamCMD haiondoi kufuli. Inakupa faili, na faili hizo utazipima kama Hatua ya 1. Usichanganye pia na kile kitufe cha Steam cha kutengeneza nakala rudufu: nakala hiyo hurejeshwa na Steam peke yake, kwa hiyo haikusaidii siku ambayo Steam haipo. Kwa gemu isiyo na kufuli, folda iliyonakiliwa kama ilivyo ni bora mara nyingi zaidi.

Hatua ya 4: Epic na wengine

Duka la Epic lilifunguliwa Desemba 2018 na limegawa gemu za bure kwa miaka, hivyo huenda una maktaba kubwa huko bila kulipa senti. Badala ya programu yao nzito unaweza kutumia Legendary, ambayo ni programu huria ya dirisha la amri. Mwenye Python anaiweka kwa `pip install legendary-gl`, kisha:

`legendary auth`
`legendary list`
`legendary install JINA`
`legendary launch JINA --offline`

Amri ya mwisho hufanya kazi kwa gemu ambazo mchapishaji ameziruhusu kufunguka nje ya mtandao. Nyingine hata Legendary hazihitaji, unabofya .exe yake na inaanza. Asiyependa kuandika amri achukue Heroic Games Launcher, yenye madirisha na vitufe, ambayo hubeba Epic, GOG na Amazon mahali pamoja kwenye Windows, Mac na Linux.

Kwa duka la itch.io hakuna la kueleza sana. Unapakua zip, unaifungua, unacheza. Humble Bundle nao wana gemu zenye faili za kupakua moja kwa moja, lakini soma vizuri unachonunua, kwa sababu nyingi siku hizi ni funguo za Steam tu, yaani misimbo ya kuingiza gemu kwenye akaunti ya Steam.

Hatua ya 5: Sevu zako

Mtu hutunza gemu ya GB 50 kwa uangalifu wote, akasahau sevu, yaani faili la kilobaiti chache lenye saa zake 100 za kucheza. Programu ya duka ilikuwa ikipeleka sevu kwenye seva kimya kimya. Ukiiacha, kazi hiyo inakuwa yako.

Tafuta kwanza kwenye Documents, hasa folda ya My Games, kisha Saved Games. Ukikosa, andika `%AppData%` kwenye sehemu ya anwani ya folda, halafu `%LocalAppData%`. Gemu kadhaa za Steam huweka sevu ndani ya folda ya Steam yenyewe, kwenye userdata, chini ya namba ya akaunti na namba ya gemu. Hizo ndizo hupotea ukiiondoa Steam kabla ya kunakili. Stardew Valley huweka zake kwenye `%AppData%\StardewValley\Saves` iwe umeinunua Steam au GOG, kwa hiyo shamba lako linahamia duka jingine kwa kunakili folda moja. Tovuti ya PCGamingWiki huandika mahali pa sevu kwa maelfu ya gemu, pamoja na kama gemu ina kufuli na ni la aina gani. Ihifadhi kwenye kivinjari chako.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Diski ya nje iwe na mfumo wa exFAT au NTFS. Flashi nyingi huja na FAT32, ambayo haipokei faili la kuanzia GB 4, na wengi hudhani flashi imeharibika kumbe ni mfumo wake tu. Angalia nafasi mapema: Stardew Valley inataka MB 500, wakati Baldur's Gate 3 inataka GB 150.

Faili likishafika diskini, toa alama yake ya utambulisho na uihifadhi kwenye faili la maandishi pembeni pamoja na namba ya toleo:

`certutil -hashfile setup_jina_la_gemu.exe SHA256`

Kwenye Linux ni `sha256sum`. Baada ya mwaka ukitoa alama tena na ikawa tofauti, ujue faili limeharibika. Gemu unazozipenda kweli zikae kwenye diski mbili.

Weka pia vitu ambavyo programu ya duka ilikuwa ikisakinisha bila kukuuliza. Folda uliyoinakili inaweza kukataa kwenye kompyuta mpya kwa ujumbe kwamba VCRUNTIME140.dll au d3dx9_43.dll haipo. Ya kwanza inatibiwa na Visual C++ Redistributable, ya pili na kifurushi cha DirectX cha Juni 2010. Vyote ni vya Microsoft na ni vya bure. Kama una Steam, tayari vimo kwenye `steamapps\common\Steamworks Shared\_CommonRedist`. Vinakili folda nzima, ni msaada mkubwa. Usipakue dll moja moja kutoka tovuti za ajabu.

Zile zilizofungwa

Kwa gemu ya Steam yenye kufuli, kilichobaki ni hali ya nje ya mtandao. Ukiwa na intaneti, acha masasisho yaishe, washa gemu mara moja mpaka ufike kwenye menyu yake, hakikisha akaunti imewekwa ikumbukwe, kisha chagua "Go Offline" kwenye menyu ya Steam. Fanya hivyo kabla ya safari, sio ukiwa kijijini. Ni njia ya kuvukia siku au wiki. Usiitegemee kwa miaka.

Kwa gemu inayotaka seva daima hakuna la kufanya. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, na seva zake zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024 haikufunguka tena hata kwa mtu anayeendesha gari peke yake. Hasira za tukio hilo ndizo zilizoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ambayo Julai 2025 ilivuka saini milioni 1 katika Umoja wa Ulaya. Naiunga mkono kwa moyo wote, lakini saini hazitafungua gemu yako leo usiku.

Kabla ya kununua nyingine

Kwenye ukurasa wa Steam, tazama upande wa kulia. Kama gemu ina Denuvo au inadai akaunti ya kampuni nyingine, imeandikwa hapo kwenye kisanduku chenye rangi tofauti. Gemu hiyo hiyo ikiwa ipo GOG kwa bei inayokaribiana, inunue huko. California ina sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2025 inayomtaka muuzaji aseme wazi kwamba mteja analipia leseni tu, lakini haimgusi muuzaji anayekupa faili unaloweza kulihifadhi nje na kulitumia bila mtandao. Wabunge wa huko waliona tofauti ile ile tunayoipima hapa.

Na ukishanunua, fanya kipimo cha Hatua ya 1 mapema. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. GOG hutoa siku 30 hata kama umeshaipakua na kuicheza. Gemu iliyokataa kufunguka bila mtandao unaweza kuirudisha ndani ya muda huo na kutumia pesa hizo kwa nyingine.